Ndugu Muuzaji, Andika Bei

Mwaka 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, wengi wetu intaneti tulikuwa bado tunaifuata kafe na kuilipia kwa dakika. Leo dada anayeuza viatu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ana wateja Sumbawanga na Lubumbashi bila kunyanyuka kwenye kigoda chake. Hela inatumwa kwa simu, mzigo unapanda basi, na muuzaji na mteja wake hawajawahi kuonana.

Hapo kwenye kutoonana ndipo penye kazi. Mimi mwenyewe niliagiza gauni la harusi ya mdogo wangu. Kwenye picha lilikuwa na bitana na zipu ya kujificha. Lililofika halina bitana, na zipu ni ya begi. Nikaandika kuuliza, meseji ina tiki moja mpaka leo.

Lakini ninaye pia muuzaji wa viatu vya mtumba. Kabla hujalipa anakutumia video: anakunja soli, anapitisha kidole gumba kwenye ushonaji, halafu anakuonyesha mwenyewe kisigino. "Dada, hapa pamelika kidogo, ndiyo maana nimekupunguzia elfu tano." Sijawahi kumtia machoni, na nimeshampelekea mashemeji watatu.

Ndugu zangu mnaouza mtandaoni, nawaomba. Andikeni bei. Hili la "bei njoo inboksi" linatufanya tuhisi mnaangalia kwanza picha zetu ndipo mkadirie mtuchune kiasi gani. Pigeni picha mzigo ulio mkononi, hata kama taa ya dukani ni mbovu. Chukueni Lipa Namba yenye jina la biashara. Mtu akiliona jina lilelile kabla hajaweka namba ya siri, roho inatulia. Mzigo ukichelewa, semeni umechelewa.

Na sisi wanunuzi tusijifanye malaika. Unaagiza, unaahidi kulipa mzigo ukifika, bodaboda anatoka Kariakoo mpaka Mbagala na jua lote lile, akipiga simu unazima. Nauli yake nani anailipa? Muuzaji aliyefanyiwa hivyo mara tatu ndiye huyohuyo anayetudai hela yote mwanzoni, nasi tunamwita tapeli. Kama umebadili mawazo, mwambie kabla boda hajawasha pikipiki. Ukihudumiwa vizuri, rudi kwenye ukurasa wake useme, uweke na picha. Na ile meseji ya matapeli ya "hela tuma kwenye namba hii" usiicheke tu na kuifuta. Ipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli, maana wanaoituma ndio wanaowachafulia jina wauzaji wa kweli.

Desemba tuna harusi nyingine nyumbani. Natafuta gauni la kitenge, lenye bitana. Mwenye nalo aweke picha, na bei iwe hapohapo chini yake.