Chukua mfuko wa chakula, lakini usiondoke bila kukaa mezani

Jumamosi moja mwezi wa pili nilimwona dada mmoja amesimama kwenye kituo cha basi, ng'ambo ya kanisa tunakogawia chakula hapa London. Mabasi matatu yalipita, hakupanda hata moja. Alikuwa amejifunga kanga shingoni juu ya koti, nikajua ni wa kwetu. Nikavuka barabara nikamwambia, "Dada, ndani kuna joto na chai." Akanijibu, "Kaka, mimi nina kazi. Hapo ni pa wasio na kazi."

Kazi anayo kweli, anasafisha ofisi usiku. Ila tangu Januari masaa yake yalikuwa yamepunguzwa, na nyumbani aliendelea kutuma pauni 150 kila mwezi kana kwamba hakuna kilichobadilika. Zilipopungua, alikopa kwa rafiki akatuma. Yeye mwenyewe alikuwa anashindia mkate na chai.

Mimi ni mhasibu, na Jumamosi najitolea pale. Nimesikia sana, hasa kutoka kwetu wenyewe, kwamba benki ya chakula inafundisha watu uvivu: ukizoea vya bure hutajitafutia tena. Nasema sio kweli. Benki ya chakula ikifanya kazi yake vizuri, inamsaidia mtu asimame mwenyewe. Lakini kinachomsimamisha sio maharage ya kopo.

Tuanze na jinsi inavyokwenda. Hapa Uingereza mtandao mkubwa ni Trussell, ambao ulifungua benki yake ya kwanza ya chakula mwaka 2000 katika mji wa Salisbury. Kwa kawaida huendi tu ukapanga foleni. Unapewa vocha na mtu anayejua hali yako, kama daktari, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, au washauri wa Citizens Advice ambao hawatozi kitu. Vocha hiyo unabadilisha na chakula cha angalau siku tatu: mchele, tambi, maharage, nyanya za kopo, maziwa, chai. Zipo pia benki ndogo za mitaa, na baadhi yake hazidai vocha.

Siku tatu ni chache, na ndivyo ilivyokusudiwa. Ule ni muda wa kupumua. Swali ni unafanya nini ukiwa unapumua.

Huyo dada alipokaa mezani nilimwomba karatasi yake ya mshahara. Mwenyewe alikuwa haangalii kitu zaidi ya ile namba ya chini kabisa. Mimi nikaangalia msimbo wa kodi, nikakuta BR. Hapo nikajua hela zake zinakoenda. BR maana yake unakatwa asilimia 20 ya kila pauni, kuanzia ya kwanza. Mtu mwenye kazi moja tu mara nyingi anatakiwa awe na 1257L, ambayo inampa pauni 12,570 kwa mwaka bila kodi ya mapato. Piga hesabu: ukilipwa pauni 1,000 kwa mwezi ukiwa kwenye BR, unakatwa 200. Ukiwa kwenye 1257L, hukatwi kodi ya mapato hata senti. Tukapiga simu ofisi ya kodi, msimbo ukarekebishwa, na zilizokatwa zaidi akarudishiwa. Akamlipa rafiki yake. Chakula alichukua mara nne tu, hatukumwona tena kwenye foleni.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Angebaki kule kituoni, angeendelea kukatwa na kukopa.

Simaanishi kila mtu ana hela zimejificha kwenye msimbo wa kodi. Wengine mshahara wenyewe hautoshi pango, na hapo mfuko wa chakula hautibu kitu, unapunguza maumivu tu. Pia benki inayokupa mfuko na kukufungulia mlango utoke, bila kukuuliza kilichokuleta, utarudi kwake kila mwezi. Ndio maana nasema kaa mezani. Uliza kuhusu deni, pango, kodi na masaa uliyofanya bila kulipwa.

Kuna na hofu ya visa. Wengi visa zetu zinakataza kutumia fedha za umma. Chakula cha benki ya chakula ni cha hisani, hakihesabiwi kama fedha za umma. Posho za serikali ndizo za kumwuliza mshauri kwanza kabla hujajaza fomu yoyote.

Mlioko Muscat, Doha au Riyadh mtasema hayo ni ya Uingereza. Sawa, ila akili yake mnaweza kuitumia, hasa ninyi wa ujenzi mnaojipikia. Watu sita wa chumba kimoja wakinunua gunia la mchele na dumu la mafuta pamoja, mara nyingi bei inashuka. Ile tofauti msiigawane. Iwekeni akiba ya unga na mchele kwa ajili ya yule ambaye mshahara wake utachelewa, mmoja ashike daftari, na kila mtu aruhusiwe kulisoma. Hiyo nayo ni benki ya chakula, na ni ya kwenu wenyewe.

La mwisho ndilo gumu zaidi. Mwezi ambao umekula chakula cha msaada, usitume kiasi kilekile nyumbani. Hela uliyookoa kwenye chakula ina kazi yake: deni kwanza, kisha pango la mwezi mmoja mbele. Piga simu, mwambie mama ukweli: "Mwezi huu natuma nusu, masaa yamepungua." Atasikitika, lakini atakuelewa. Mama hapendi mwanawe ashinde na mkate na chai ili yeye apokee pauni 150.