Kodi Iliyogombaniwa na Kodi Iliyonyamaziwa

Tumekuwa tukisikia barazani, na mara nyingine hata kwa watu tunaowaheshimu kwa elimu yao, sifa wanazomiminiwa Waingereza kwa mwaka wao wa 2022. Husemwa kwamba ule ndio ustaarabu wa siasa: Waziri Mkuu akikosea anaondoka, Waziri wa Fedha akiharibu anafukuzwa, na Bunge linaendelea na kazi zake bila ya risasi hata moja kulia. Kisha huongezwa kwa masikitiko kwamba kwetu mkubwa akikosea hupewa ubalozi. Hili la ubalozi hatuna haja ya kulibishia. Hizo sifa ndizo tunazozipinga, kwa sababu kisa chenyewe kilikuwa ni kisa cha kodi, na mwenye kukitazama kwa jicho la mlipa kodi atakiona kwa sura nyingine kabisa.

Chama cha Conservative kilishinda uchaguzi wa Desemba 2019 kwa viti 365, kikiwa kimeahidi katika ilani yake kwamba hakitapandisha viwango vya kodi ya mapato, wala vya mchango wa bima ya taifa, wala vya kodi ya ongezeko la thamani. Septemba 2021 serikali hiyo hiyo, chini ya Boris Johnson, ikatangaza kuupandisha mchango wa bima ya taifa kwa pointi 1.25 ili kugharamia afya na matunzo ya wazee, na nyongeza ikaanza kukatwa Aprili 2022. Johnson aliporomoka Julai ya mwaka huo, lakini kilichomporomosha hasa ni mlolongo wa kashfa za mwenendo. Mawaziri wawili, Rishi Sunak na Sajid Javid, walijiuzulu tarehe 5, wengine wakafuata kwa makumi, na siku mbili baadaye naye akasalimu amri. Ahadi ya kodi ilikuwa imekwisha kuvunjwa miezi mingi kabla ya hapo, na hapana aliyeanguka kwa ajili yake.

Ndipo ukaja ugomvi wa urithi. Wagombea wawili wa mwisho, Sunak na Liz Truss, walizunguka nchi kiangazi kizima wakivutana juu ya kodi. Truss aliahidi kuifuta ile nyongeza ya mchango wa bima, na kuzuia kodi ya makampuni isipande kutoka 19% hadi 25%. Sunak alisema kwanza mfumuko wa bei udhibitiwe, na kwamba ahadi za mwenzake ni ngano. Lakini alipoona kura zinamponyoka, yeye naye akaahidi kukishusha kiwango cha msingi cha kodi ya mapato kutoka 20% hadi 16% kwa miaka ya mbele. Hivyo ndivyo mnada unavyokuwa. Anayenadi wa pili hulazimika kupandisha.

Na walionadiwa ni akina nani? Waliokuwa na haki ya kupiga kura ni wanachama 172,437 wa chama hicho, katika nchi ya watu wapatao milioni 67. Truss alipata kura 81,326 na Sunak 60,399. Tuwaombe wasomaji wasizipite hesabu hizi upesi. Watu elfu themanini na kitu, ambao wangeenea katika mji mmoja wa wastani, ndio walioamua mamilioni ya wafanyakazi watozwe kodi kwa fikra ya nani. Hapakuwa na uchaguzi mkuu. Ilani ya 2019 haikuwa na mpango huo. Mkokoteni ulibadilishwa dereva na ukabadilishwa njia, na abiria hawakuulizwa hata kama wanataka kushuka.

Tarehe 23 Septemba 2022 Waziri mpya wa Fedha, Kwasi Kwarteng, akasimama Bungeni na mpango wa kupunguza kodi uliokadiriwa kufikia pauni bilioni 45 kwa mwaka ifikapo 2026 na 2027. Makadirio ya ofisi huru ya kupima bajeti hayakuambatanishwa. Katibu Mkuu wa Hazina, mtu aliyeyajua mafaili kuliko wote, alikuwa ameshaondolewa wiki mbili kabla. Katika mpango huo kiwango cha juu cha 45%, kinachotozwa mapato yanayozidi pauni 150,000, kilifutwa kabisa, na kiwango cha msingi kikashushwa kutoka 20% hadi 19%.

Tufanye hesabu, maana wakubwa hupenda kusema maneno na kuziacha hesabu zijifanye zenyewe. Mtu mwenye mapato ya pauni milioni moja kwa mwaka angebakiwa na pauni 42,500 kwa kufutwa kile kiwango cha juu peke yake. Mfagizi wa hospitali, tuseme wa pauni 20,000 kwa mwaka, angepata nafuu ya pauni 74 kutokana na ile asilimia moja. Zote mbili zikatangazwa kwa jina moja, kuwa ni unafuu kwa wananchi.

Soko halikungoja. Tarehe 26 Septemba pauni ilianguka mpaka kiasi cha dola 1.03, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia. Hati fungani za serikali ziliuzwa kwa pupa, na tarehe 28 Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kuingia sokoni kuzinunua ili kuiokoa mifuko ya pensheni. Tarehe 3 Oktoba Kwarteng akaurudisha mkia nyuma kuhusu ile 45%, chama chake kikiwa mkutanoni Birmingham na vigogo wake wakimpinga hadharani. Tarehe 14 akafukuzwa, baada ya siku 38 kazini. Aliyemrithi, Jeremy Hunt, alikuwa Waziri wa Fedha wa nne kwa mwaka ule, na tarehe 17 akaufuta takriban mpango wote. Tarehe 20 Truss mwenyewe akatangaza kujiuzulu.

Wapo wanaomtetea, naye anajitetea katika kitabu alichokitoa mwaka 2024, kwamba alihujumiwa na Benki Kuu na watumishi wa Hazina waliozoea mambo ya zamani. Hatukatai kwamba mifuko ya pensheni ilikuwa imejifunga katika mikataba ya hatari tangu kabla yake. Lakini mwenye nyumba ya makuti hawashi moto wa nje siku ya upepo, kisha akalaumu makuti.

Hapa ndipo tunapoachana na wale wanaosifu. Wanasema: aliwajibishwa. Tunauliza: aliwajibishwa na nani? Mlipa kodi hakuulizwa wakati wa kuingia kwake, na hakuulizwa wakati wa kutoka kwake. Waliomtoa ni wanunuzi wa hati fungani, na wabunge wa chama chake waliokwisha kuona viti vyao vikiondoka. Tarehe 24 Oktoba chama kikampata Sunak bila ya mpinzani, na safari hii hata wale wanachama hawakupiga kura. Wenzetu wengine walishangilia kwa sababu mama yake alizaliwa Tanganyika na baba yake Kenya. Ukoo wa mtu haumzidishii mlipa kodi hata senti moja mfukoni.

Na gharama? Riba za mikopo mipya ya nyumba ya miaka miwili zilipita 6% Oktoba ile. (Rai yetu juu ya mikopo ya riba inajulikana na wasomaji wa kurasa hizi, na leo si mahali pake, tunazungumzia aliyekwisha kuingia, mwenye watoto ndani.) Familia zilizofikiwa na muda wa kufanya upya mkataba katika majuma yale zilijikuta na malipo ambayo hazikuyapangia. Waliojiuzulu walirudi katika viti vyao vya ubunge.

Lakini hata haya si makubwa zaidi. Kubwa zaidi ni kodi ambayo hawakugombana juu yake.

Machi 2021 Sunak, akiwa Waziri wa Fedha wa Johnson, aliweka kima cha mapato kisichotozwa kodi kuwa pauni 12,570, kisha akakigandisha kisisogee mpaka Aprili 2026. Kwa kawaida kima hicho husogezwa juu kila mwaka bei zinapopanda. Kukigandisha si kupandisha kiwango, kwa hiyo mtu angeweza kusema, bila ya kusema uongo, kwamba kwa hili ilani haikuguswa. Basi tumrudie yule mfagizi wetu wa pauni 20,000. Kodi yake ya mapato ni 20% ya pauni 7,430, yaani pauni 1,486. Bei zikapanda, Oktoba 2022 mfumuko ulifika 11.1%. Tuseme mwajiri wake ni mtu mwema, akamwongeza 10%, zikawa pauni 22,000. Kwa bei za sokoni hajapata kitu, bado yuko nyuma. Lakini kodi yake sasa ni pauni 1,886. Mshahara umeongezeka kwa sehemu moja ya kumi, na kodi imeongezeka kwa zaidi ya robo. Hapana tangazo alilosomewa, wala kiwango kilichobadilika, na karatasi yake ya mshahara bado inasema 20%.

Tuwe waadilifu: Julai 2022 kima cha kuanza kulipa mchango wa bima ya taifa kilipandishwa nacho kufikia pauni 12,570, na wengi walipata nafuu ya kweli. Hata hivyo kile kima cha kodi ya mapato kilibaki pale pale. Na Kwarteng, katika kutapanya kwake bilioni 45, aligusa kodi ya makampuni, akagusa ushuru wa kununua majumba, akaondoa hata kikomo cha marupurupu ya mabenki, lakini ule ugandishaji hakuugusa. Hunt alipokuja Novemba hakuuondoa, bali aliurefusha mpaka Aprili 2028. Haki ya Hunt tumpe: siku hiyo hiyo alikishusha kizingiti cha ile 45% kutoka pauni 150,000 hadi 125,140, na matajiri wakaongezewa mzigo. Ila kumbukeni kelele zilikuwa wapi. Kile kiwango cha wachache kilitikisa chama, kikaangusha Waziri wa Fedha, kikachangia kumwangusha Waziri Mkuu. Kile kima cha wengi hakikumwangusha hata naibu waziri.

Tunadhani chama hicho kilijifunza hili zamani. Mwaka 1989 huko Scotland, na 1990 Uingereza na Wales, serikali ya Margaret Thatcher ilileta tozo ya kila kichwa, kila mtu mzima wa eneo moja akitakiwa alipe sawasawa, lodi katika kasri lake na mzoa taka katika chumba chake. Wao waliipa jina la heshima, mchango wa jamii. Raia waliita kodi ya kichwa, na jina hilo kwetu halihitaji kufafanuliwa, kwa kuwa wazee wetu wa Tanganyika na Kenya waliilipa kwa Mwingereza huyo huyo, na aliyeshindwa alijua kitakachomkuta. Mwingereza alipotozwa nyumbani kwake alikataa. Tarehe 31 Machi 1990 London iliwaka kwa ghasia, na Novemba mwaka huo mawaziri wa Thatcher wakamwacha mkono. Kodi yenyewe ikafutwa 1993. Ilikuwa kodi yenye kuonekana, imeandikwa jina la mtu na kupelekwa mlangoni kwake. Ugandishaji hauna barua.

Julai 2024 wapiga kura hatimaye walipata zamu yao. Conservative walibakiwa na viti 121, na Truss akapoteza jimbo lake. Tunakiri kwamba hiyo ni adhabu, tena kali. Chama cha Labour kikaingia na viti zaidi ya 400, kikiwa kimeahidi kutowaongezea kodi watu wafanyao kazi. Tarehe 26 Novemba 2025 Waziri wake wa Fedha, Rachel Reeves, alisoma bajeti yake ya pili. Kile kima cha pauni 12,570, kilichowekwa na Sunak, kikaachwa na Kwarteng, na kikarefushwa na Hunt, yeye amekirefusha tena mpaka Aprili 2031. Mfagizi wetu atakuwa ametimiza miaka kumi akikatwa kutoka mstari ule ule.