Kilo sawa, uzoefu je?

Shabiki wa Sokoine, Mbeya, angecheka akisikia Tanzania Prisons wamepangiwa timu ya daraja la tatu kwenye mechi ya ligi. Soka lina madaraja. Kwenye ngumi za ridhaa, iwe Mbeya au Iringa, mizani ikisoma kilo 60 kwa wote wawili, wengi huona kazi imeisha. Kumbe mmoja ana mapambano 20, mwenzake ndo kwanza kavaa glovu juzi! Raundi tatu za dakika tatu ni nyingi mno kwa kichwa kisichojua kukwepa. Uingereza, mapambano ya bondia wa ridhaa huandikwa na kuangaliwa kabla ya kumpangia mpinzani. Hapa hata daftari la shule lingetosha. Kocha anayempandisha chipukizi ulingoni ili tu ratiba ijae, huyo ndo wa kubanwa kwanza, promota baadaye.