Tuamkiane kwanza

Mhariri,

Nilitoka Nairobi kuja Muscat kumhudumia bibi mgonjwa. Yeye alizaliwa Unguja. Jamaa zake walihamia Oman baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Asubuhi ya kwanza nilimwambia, “Kunywa dawa.” Akanitazama, kikombe kikiwa bado mkononi mwangu, akasema taratibu: “Mwanangu, kwanza tuamkiane.”

Tangu siku hiyo naketi kando ya kitanda, nasema shikamoo, naye anaitikia marahaba, ndipo tunafungua chupa. Mimi niliyezoea kumkatiza mama kwenye simu, sasa namsikiliza mpaka amalize.

Habari za mateso ya wafanyakazi wenzangu wa Ghuba ni za kweli, na msiache kuziandika. Lakini tuulizeni pia tumejifunza nini huku.

Mlezi, Muscat