Maji, Magadi na Mfuko wa Umma

Katika vijiji vingi vinavyouzunguka Mlima Meru, mkoani Arusha, aliyezaliwa na kukulia hapo hutambulika kwa meno yake ya kahawia. Wageni hudhani kwamba hapigi mswaki. Ukweli ni kwamba rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe. Iliingia utotoni, jino lilipokuwa likijiunda ndani ya ufizi, kutokana na madini ya floraidi yaliyomo katika maji yapitayo kwenye miamba ya volkano. Kiwango kikizidi sana kwa muda mrefu, mifupa nayo hudhurika: viungo hukakamaa, na miguu ya watoto hupinda.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Visima na chemchemi kadhaa za Arusha hupita mno kiwango hicho. Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki.

Hayo hayakujulikana kwa kubahatisha. Watafiti walipima maji, wakakagua meno ya watoto, kisha wakabaini kwamba maji peke yake hayaelezi kila kitu: magadi yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi nayo huweza kuwa na floraidi nyingi. Ni watafiti pia, katika kituo cha serikali cha Ngurdoto, walioendeleza njia ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Hapa ndipo lilipo suala la fedha. Kampuni ya dawa hugharamia utafiti ikitarajia kuuza dawa. Jibu la floraidi si kidonge. Ni kubadili kisima, kuchuja maji na kuacha magadi. Hakuna mfanyabiashara apataye faida mama anapoacha magadi. Wafadhili nao huja na miradi ya miaka michache, ilhali madhara ya mifupa huchukua miaka mingi kujitokeza. Anayebaki ni umma wenyewe, kwa kodi yake.

Wapo watakaosema kwamba fedha ni chache na zahanati zinahitaji dawa kwanza. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, jino lililoharibika halirudi katika hali yake, na mguu uliopinda hunyooshwa kwa upasuaji wa gharama kubwa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo. Tanzania haijafikia lengo hilo. Inapolisogelea, sehemu ya fedha hizo itengwe kila mwaka, bila kusubiri mfadhili, kwa ajili ya kupima maji, udongo na hewa, na majibu yarudishwe kijijini kwa lugha inayoeleweka. Mhudumu wa afya naye, amwonapo mtoto mwenye meno ya kahawia, amuulize mzazi maji ya nyumbani huchotwa wapi, na aandike jibu. Utafiti mwingi mzuri ulianza kwa swali la namna hiyo.