Upepo wa Tairi Haupunguzwi kwa Ajili ya Safari

"Ukisafiri mbali punguza upepo, joto lisije likapasua tairi." Ushauri huu nimepewa na watu ninaowaheshimu, na ndio unaonitisha kuliko yote. Kweli, tairi likipata moto upepo hupanda: lililojazwa PSI 32 alfajiri laweza kusoma 36 ukifika Chalinze. Waliolitengeneza walishalihesabu ongezeko hilo. Ukilipunguza hapo mpaka 32, kesho asubuhi likipoa utalikuta na 28. Na tairi lenye upepo mdogo hulalia ubavu. Kila mzunguko ubavu unajikunja na kujikunjua, na huko kujikunja ndiko kunakozaa joto, hadi nyuzi za ndani zinaachana na mpira. Anayelikimbia joto kwa kutoa upepo analifuata.

Nilisimama Gairo siku moja nikagusa matairi yote manne kwa kiganja. Matatu yalikuwa na uvuguvugu. La nyuma kushoto sikuweza kuutuliza mkono. Geji ikasoma 19. Kwa macho lilifanana na wenzake kabisa.

Ndiyo maana siikubali kauli ya "mimi nalijua kwa kulipiga teke." Hata taa ya onyo kwenye dashibodi, ambayo Marekani iliilazimisha kisheria kwa magari mapya madogo, inatakiwa kuwaka upepo ukishapungua kwa robo nzima. Geji ya mkononi haisubiri robo.

"Jaza namba iliyoandikwa kwenye tairi." Hapana! Hicho ni kikomo cha tairi lenyewe, nalo halijui limefungwa gari gani. Namba ya gari lako iko kwenye kibandiko, aghalabu kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo maneno hutayasoma, lakini tarakimu utazisoma. Ukikuta 230 kPa, gawanya kwa 6.9: ni kama 33.

"Mimi natumia nitrojeni, sina haja ya kupima." Hewa ya kawaida tayari ni nitrojeni asilimia 78, na vali inayovuja huvujisha zote mbili. Pima kila mwezi, gari likiwa limelala.

Lile tairi la Gairo lilikuwa na msumari, kichwa kimelika kikawa sawa na mpira. Nikashusha spea. Ilikuwa na 12; tangu ninunue gari sikuwahi kuipima.