Mali ya mayatima na biashara ya jina la kukodi



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, baada ya darsa ya Maghrib tulijiwa na kijana tuliyemsomesha tangu Juzuu Amma. Baba yake amefariki, Allah amrehemu, akaacha mjane, watoto wawili wakubwa, watatu wadogo, na kiwanja kimoja hapa Kampala. Kijana anataka kiwanja kiuzwe, na fedha zote zitumike kununua haki ya kufungua mgahawa wa kuku wenye jina kubwa la nje. "Ustadhi, jina limeshajulikana, watu watakuja wenyewe." Tulimwambia asubiri. Tunaeleza hapa sababu zake, maana si yeye peke yake mwenye fikra hii.

Biashara hiyo huitwa franchaizi. Hununui kampuni, unakodi jina, mapishi na utaratibu wa kazi kwa miaka iliyoandikwa. Hatusemi ni haramu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilikubali kwamba jina la biashara ni haki yenye thamani na linaweza kuuzwa, ilimradi pasiwe na gharar wala udanganyifu. Shida yetu iko kwenye hesabu.

Ada ya kuingilia hulipwa mara moja. Baada ya hapo kuna mrabaha, na mrabaha kwa kawaida hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Marekani, McDonald's waliupandisha kutoka asilimia 4 hadi 5 kwa migahawa mipya kuanzia mwaka 2024, na kodi ya jengo ni mbali. Sasa tuseme mgahawa wa kijana wetu unauza milioni 60 kwa mwezi, na ukishatoa kuku, mafuta, kodi, umeme na mishahara inabaki milioni 5. Mwenye jina anadai asilimia 6 ya mauzo, na asilimia 4 ya matangazo. Hiyo ni milioni 6. Yeye amepata chake, wewe una hasara ya milioni moja, na mama nyumbani hajapata hata senti. Wako wanaodhani huu ni ushirika kama mudharaba. Siyo! Katika mudharaba watu hugawana faida ikipatikana, na hapa mwenye jina anakula hata mwezi wa hasara.

Tena huna uhuru wa kununua bidhaa utakapo. Januari 2022 KFC za Kenya ziliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyao vilikuwa vinatoka Misri na meli zilichelewa, ilhali Nyandarua wakulima wana viazi tele. Wakulima hao hawakuwa kwenye orodha iliyokubaliwa. Mwenye mgahawa hawezi kutuma kijana na gunia sokoni Nakasero.

Na jina hubeba matendo ya watu usiowajua. Oktoba 2023 McDonald's ya Israel ilitangaza kuwapa askari chakula cha bure. Migahawa yenye jina hilo Malaysia, Jordan na Misri ikasusiwa, ingawa wenyewe ni watu wengine kabisa. Wa Oman walitangaza mchango wa dola 100,000 kwa ajili ya Gaza kujitenga na jambo lile. Hatuwalaumu waliosusia, nasi tumesusia. Lakini aliyetia akiba yake pale angefanya nini? Jina si lake, hawezi hata kulibadilisha ubao.

Nchi nyingine zimemwekea mnunuzi kinga. Marekani ni lazima apewe maelezo ya maandishi siku 14 kabla ya kusaini, na Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 2008, anaweza kuvunja mkataba ndani ya siku 10 za kazi baada ya kusaini. Sisi Uganda hatuna sheria maalumu ya biashara hii, kwa hiyo kinga yako ni mkataba wenyewe na wakili wa kuusoma. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni, na sisi tunasaini karatasi 60 tusizozisoma! Tazama hasa palipoandikwa dhamana binafsi. Ukisaini hapo, hata ukiwa umesajili kampuni, deni litakufuata nyumbani.

Kubwa zaidi ni kiwanja. Mjane ana thumuni yake, na kinachobaki ni cha watoto wote, wadogo wakiwemo. Kijana wetu ana fungu lake tu. Sayyidna Umar (r.a.) aliwahimiza walezi wafanye biashara na mali ya yatima ili zaka isiimalize, basi kufanyia biashara si kosa. Kuiweka yote mahali pamoja, chini ya mkataba ambao mwingine ndiye mwenye kuufunga, kwa maoni yetu hapo mlezi amevuka mpaka. Akitaka, na ajaribu kwa fungu lake, na bila mkopo wa riba.

Tulimwomba atuletee mkataba tuusome pamoja na wakili mmoja wa jamaa zetu. Mpaka leo ametuletea vitabu viwili vya rangi vyenye picha za kuku. Mkataba, anaambiwa, ataonyeshwa akishalipa ada. Kiwanja bado hakijauzwa, alhamdulillah.

Wallahu aalam.